Maziwa Ndani ya Gari la Barafu

Mzee Barafu alisimamisha gari pale barabara kuu ya pwani ilipoanzia, akatoa kichwa dirishani na kutafuta mtu wa kumlipa. Noti alikuwa amezikunja kiganjani tangu alipotoka hospitali. Hakuona kibanda wala kizuizi. Mtu pekee aliyekuwapo ni mfagiaji, mwanamke wa makamo mwenye koti la kung'aa, akisukuma pembeni mchanga ambao upepo wa bahari ulikuwa umeumwaga juu ya lami.

"Shikamoo, mzee," alisema mfagiaji.

"Marahaba. Hapa nalipia wapi?"

"Unalipia nini?"

"Barabara."

Mfagiaji aliegemea mpini wa fagio lake. "Unataka kuinunua?"

"Kupita, mama. Nataka kupita."

"Si upite, basi."

"Bure?"

"Wewe ulitaka iwe bei gani?"

Lori lilipiga honi nyuma yake. Mfagiaji akalionyesha lori kiganja, lingoje, kisha akamsogelea mzee na kusema kwa sauti ya chini, kama anayemficha aibu yake, "Mzee wangu, wenzako wanapita hapa tangu ifunguliwe. Hakuna anayelipa. Wewe ulikuwa wapi?"

Barafu alitia gia. Alikuwa papo hapo mjini, akisambaza barafu kwa wauza samaki na wenye mabucha kwa gari lake la bluu lenye kontena la bati nyuma. Wakati barabara inajengwa alisikia sokoni kwamba itakuwa ya kulipia, na alipoiona kwa mbali, pana vile, nyoofu vile, hakuona sababu ya kubisha. Kitu kama kile hakingeweza kuwa cha bure. Aliapa kwamba senti yake hawataiona. Hakuuliza tena, na kwa kuwa hakupenda kupingwa, nyumbani kwake nako hakuna aliyeuliza.

Leo alikuwa tayari kulipa chochote. Kwenye kiti cha abiria, likiwa limefungwa kwa mkanda kama mtu, lilikaa sanduku la barafu, na ndani yake zilikuwamo chupa mbili za kioo zenye maziwa ya binti yake.

Binti huyo, mwalimu wa chekechea, alikuwa amejifungua kwa upasuaji kabla ya wakati. Mtoto alikuwa wa kike, mdogo kiasi kwamba muuguzi alimbeba kwa mkono mmoja bila kukunjua vidole vyote. Hospitali yao haikuwa na vitanda vya joto vya watoto njiti, hivyo gari la wagonjwa lilimchukua mtoto pamoja na baba yake hadi mji mkubwa, kule barabara kuu inakoishia. Mama yake alibaki, hawezi hata kukaa. Kisha simu ikaja kutoka huko: tumbo la mtoto bado ni changa, maziwa ya kopo yanaweza kumdhuru, anatakiwa apewe ya mama yake.

"Yawe ya baridi tu, mzee," muuguzi alimwambia asubuhi hiyo akimkabidhi chupa. "Yasigande."

"Mwanangu, mimi naitwa Barafu," alijibu.

Lakini alipofika kwenye gari hakuridhika. Aliona vipande vya barafu peke yake ni dhaifu kwa safari ndefu namna ile. Akafanya anachofanya kwa samaki wa kwenda mbali: alichota konzi mbili za chumvi ya mawe, akazinyunyiza juu ya vipande vya barafu ili baridi iume. Alifanya hivyo kwa upendo. Hakumwambia mtu.

*

Kitu cha kwanza alichokigundua kuhusu barabara ile kilikuwa ukimya. Gari ambalo mjini lililia kila kiungo chake lilinyamaza. Milango haikugonga. Kioo cha dirisha, alichozoea kukizuia kwa kiwiko kisidondoke, kilitulia chenyewe. Barafu alidhani injini imezima, akakanyaga mafuta, na gari likachomoka mbele kama ng'ombe aliyeguswa na fimbo.

Kisha bahari ikaonekana upande mmoja, yote kwa mara moja. Upande wa pili kilima kilikuwa kimekatwa kutoka juu hadi chini ili barabara ipite, matabaka yake yakionekana nje, mekundu, ya njano, meupe. Barafu alijaribu kuwaza ni watu wangapi waliosimama pale na mashine zao, wakakila kilima hicho siku baada ya siku, halafu wakaenda zao bila kuacha hata jina ukutani. Alishindwa. "Haya," alijisikia akisema peke yake. "Haya, haya."

Miji aliyokuwa akiisikia tu ilimjia mmoja mmoja. Ulikuwapo mji wa kiwanda cha saruji, wenye mapaa ya kijivu na miti ya kijivu, na nguo zilizoanikwa za kila rangi. Baada yake ukaja mji wa mashamba ya chumvi, madimbwi ya mraba yanayong'aa hadi macho yanauma. Kisha barabara ikapanda daraja juu ya mdomo wa mto, na chini, mbali kabisa, ikaonekana bandari, winchi zake zikinyanyua makontena kama mtu anayepanga viberiti. Kila mji ulikuwa na njia yake ya kutokea, na magari yaliingia na kutoka kama watu wa nyumba moja wanaopita sebuleni. Kulikuwa na malori ya mbao, mabasi, gari dogo lililobeba kabati juu ya paa, pikipiki ya polisi. Wote walipita juu ya lami ile ile, na hakuna aliyeulizwa kitu.

Alitazama sanduku pembeni yake. "Unaona, mchumba?" alimwambia mjukuu aliyekuwa mbali bado. "Babu yako anakuja kwa njia ya wafalme."

*

Mkwe wake, kinyozi, alikuwa kwenye benchi la korido ya wodi ya watoto njiti, mkasi mkononi, akimpunguza nywele mzee mmoja aliyekuwa akimngojea binti yake. Yeye mwenyewe ndevu zilikuwa zimemwota ovyo. Alipomwona baba mkwe aliinuka haraka hata mzee akabaki na upande mmoja wa kichwa.

"Shikamoo, baba. Umefika! Umefikaje mapema hivi?"

"Marahaba. Barabara imenileta. Mchumba wangu yuko wapi?"

Muuguzi wa wodi, dada mrefu mwenye sauti ya upole, alilipokea sanduku na kulifungua juu ya meza. Barafu alisimama kifua mbele, akingoja asifiwe. Muuguzi aliingiza mkono, akautoa upesi kama aliyeungua. Alipoinua chupa ya kwanza, kitako chake kilibaki ndani ya sanduku. Ya pili ilikuwa na ufa kutoka shingoni hadi chini. Maziwa yalikuwa yameganda kama jiwe, na pale yalipoyeyuka yalikuwa yamechanganyika na maji ya barafu.

Muuguzi alichovya kidole kwenye maji yale, akaonja. Akamtazama mzee.

"Mmetia chumvi?"

"Ili baridi iume," alisema Barafu.

Wazazi wawili waliokuwa wakipita walisimama. Mwanamke mmoja alicheka kidogo kisha akajizuia. Mzee mwenye nywele za upande mmoja alitazama sakafu.

"Mzee," alisema muuguzi, "haya siwezi kumpa. Kuna vipande vya kioo. Kuna chumvi."

"Nusu ya hiyo ya pili? Tukachuja?"

"Siwezi, baba yangu."

Hakumkaripia, na hilo ndilo lililomuumiza Barafu. Angekaripiwa, angepata pa kushika. Kinyozi alichukua kitambaa, akaanza kupangusa meza, uso ameugeuzia pembeni.

"Sasa ataishi na nini?" aliuliza Barafu.

"Kwa sasa ana dripu. Tunaweza kumshikilia nayo hadi kesho mchana. Yakifika maziwa ya mama yake kabla ya hapo, tutashukuru. Yasipofika, daktari ataamua kumjaribu na ya kopo." Aliona macho ya mzee, akaongeza, "Wapo yanaowakubali. Na wapo yasiowakubali. Siwezi kukudanganya."

Walimpitisha dirishani akamwone. Ndani ya sanduku la kioo alilala mtu mzima kabisa, mwenye kucha, mwenye kope, mwenye mikunjo ya hasira kwenye paji la uso, isipokuwa alikuwa mdogo kuliko kiatu. Kifua chake kilipanda na kushuka upesi upesi. Barafu, aliyekuwa na maneno ya utani aliyoyaandaa tangu asubuhi, hakutoa hata moja.

Alipiga simu akiwa nje, karibu na bomba la maji. Mkewe ndiye aliyepokea.

"Zimefika?"

"Zimepasuka."

"Gari limeanguka?"

"Gari liko salama. Mimi ndiye niliyeharibu. Nilitia chumvi."

Kisha akasikia mkewe akimweleza binti yao kwa kunong'ona, na sauti ya binti ikaja kwenye simu, nyembamba na iliyokauka.

"Baba, hapa hakuna mengine. Tangu uondoke mama ananikamua, yanatoka matone. Na mwishoni hata matone hayaji."

"Pumzika. Yatarudi."

"Hayatarudi nikiwa nimelala naangalia dari. Sijamwona hata uso, baba. Njoo unichukue."

*

Njiani kurudi alipopita mashamba ya chumvi aligeuza uso upande mwingine.

Kesho yake asubuhi daktari wa binti alisimama mlangoni mwa wodi, mikono ndani ya koti. "Mimi siruhusu," alisema. "Mshono bado mbichi. Gari likidunda kwenye shimo moja baya, tutakuwa na wagonjwa wawili badala ya mmoja."

"Barabara haina shimo," alisema Barafu.

"Hakuna barabara isiyo na shimo, mzee."

"Hii haina. Nimeipita jana, kwenda na kurudi." Alisema kama aliyeijenga kwa mikono yake.

Daktari alimtazama mgonjwa. Binti alikuwa ameshavaa, amekaa ukingoni mwa kitanda, midomo imemkauka kwa maumivu, viatu vyake mkononi kwa sababu hakuweza kuinama kuvivaa. Daktari alipiga magoti, akamvalisha kimoja, kisha cha pili.

"Mfungeni mto tumboni," alisema. "Na asicheke wala kukohoa."

Walimweka katikati, mama yake upande wa dirisha, mto umefungwa kwa khanga. Kutoka hospitali hadi mwanzo wa barabara kuu, gari lilipita mitaa ya mjini kwa mwendo wa konokono, na kila lilipotikisika binti alishika paja la mama yake na kufumba macho. Mkewe Barafu hakumsemesha mumewe. Alikuwa hajamsemesha tangu jana, ila kumwuliza kama amekula.

Gari lilipanda lami mpya, likanyamaza.

Binti alifumbua macho. "Tumesimama?"

"Tunakwenda," alisema baba yake.

Akatazama mbele. Barabara ilikuwa imejinyoosha mbele yao hadi ikawa uzi, bahari ikimetameta kandokando yake. Mama yake alishusha kioo kidogo, akaweka kiganja nje, akauacha upepo umpige.

"Hapa tunalipa wapi?" aliuliza hatimaye. Yalikuwa maneno yake ya kwanza ya kawaida kwa mumewe.

Barafu alikaza macho mbele.

"Baba watoto, nauliza. Nisije nikatafuta pochi tumeshafika."

"Hatulipi."

"Kwa sababu tuna mgonjwa?"

"Hatulipi tu."

"Leo?"

"Siku zote."

Mkewe alirudisha mkono ndani polepole. "Siku zote," alirudia. "Tangu ifunguliwe?"

"Ndivyo nilivyoambiwa na mfagiaji."

"Dada yangu anakaa mji wa bandari. Mwaka hadi mwaka ninakwambia, twende nikamwone dada yangu. Wewe unaniambia nini?"

Barafu alibadilisha gia.

"Mwanangu, baba yako ananiambia nini?"

"Mama, niache mimi."

"Ananiambia, 'Ile njia ni ya wenye nazo.' Nimekosa harusi mbili! Mpwa wangu amezaa, mtoto ameota meno, ameanza shule, mimi naletewa picha! Na huyu hapa analinda mali zake zisiliwe na barabara ya bure!"

"Nilisikia sokoni," alisema Barafu.

"Sokoni walikuwa wanasema na wewe ni kijana mzuri. Hilo nalo ulilisadiki?"

Binti alibana midomo. Kicheko kikamtokea puani. "Mama, usinichekeshe, mshono!"

"Sichekeshi. Nalia."

"Na yule mfagiaji," alisema Barafu, ambaye aliona heri amalizie aibu yake yote kwa mkupuo, "aliniuliza kama nataka kuinunua."

"Uiweke wapi?"

Binti alikumbatia mto kwa mikono miwili, machozi yakimtoka, akicheka kwa pumzi fupi fupi na kuguna kwa maumivu. "Jamani! Jamani, daktari amesema!" Mama yake, ambaye hakuwa amekusudia kucheka kabisa, alishindwa naye, akajifunika uso kwa mkono. Barafu alitazama mbele kwa heshima zote alizobaki nazo, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Walikuwa wamefika kwenye daraja. Pande zote mbili nchi kavu iliondoka, wakabaki juu ya maji, mto ukiingia baharini chini yao kwa rangi mbili zisizochanganyika upesi. Meli moja ilipita chini ya barabara waliyokuwa juu yake. Kicheko kikawaishia chenyewe.

"Ee Mungu," alisema mama, taratibu. "Watu wamefanya hivi?"

"Watu," alisema Barafu.

Binti alikuwa ameinamia kifua chake. Kisha akashika mkono wa mama yake.

"Mama."

"Nini? Mshono?"

"Yanakuja."

Gauni lake lilikuwa limelowa upande mmoja, na doa lilikuwa linapanuka, na upande wa pili nao ukaanza. Barafu alipoona kwa pembe ya jicho aligeuza uso kwa adabu na kutafuta breki.

"Nisimame?"

"Usisimame!" wanawake wawili walisema kwa pamoja.

"Yanamwagika!"

"Yaache yamwagike," alisema mkewe. Alikuwa anamshikilia binti yao begani, akilia waziwazi sasa. "Wewe endesha. Yaache. Endesha, baba watoto."

Akaendesha.

*

Walifika kabla ya mchana. Kinyozi aliwapokea mlangoni, akamwona mkewe akishushwa kwenye gari la barafu, akataka kumkumbatia, akakosa pa kumshika asimuumize, mwishowe akamshika masikio yote mawili. Walimpeleka ndani kwa kiti cha magurudumu. Babu, bibi na kinyozi walibaki nje ya dirisha, vipaji vya nyuso zao vimegusa kioo.

Waliona pazia likivutwa. Walingoja. Pazia lilipofunguliwa, muuguzi alikuwa na kikombe kidogo cha chuma, na namna alivyokibeba kwa mikono miwili iliwaambia kwamba hakikuwa kitupu.

Muuguzi alichukua bomba la sindano lisilo na sindano, akaliunganisha na mrija mwembamba uliopita puani mwa mtoto, akamimina maziwa. Kisha akaliinua juu, akatulia.

"Mbona hasukumi?" aliuliza Barafu.

"Hayasukumwi, baba," kinyozi alijibu. "Wanaacha yashuke yenyewe."

Maziwa yalikuwa machache, yangetosha kijiko cha chai. Yalianza kushuka. Yalishuka taratibu kiasi kwamba ungeyaangalia moja kwa moja usingeona, ungeangalia pembeni na kurudi ndipo ungejua. Yakafika katikati, yakasimama. Mtoto alikunja uso. Mama yake, ndani, mkono ukiwa umepitishwa kwenye tundu la kioo, alikuwa amemgusa unyayo kwa kidole kimoja. Hakuna aliyepumua, si ndani wala nje. Mtoto akajinyoosha, na maziwa yakaendelea na safari.

"Sasa tunangoja," muuguzi aliwaambia alipotoka. "Kabla ya kumpa tena nitavuta nione yamebaki kiasi gani. Yakibaki mengi, tumbo limekataa."

Wakangoja kwenye benchi. Kinyozi alikaa na mkasi mikononi bila kumnyoa mtu. Mke wa Barafu alikaa karibu na mumewe, bega kwa bega, wala hakuondoka hata alipoona benchi jingine liko wazi. Saa ya ukutani ilikwenda kwa kupenda kwake.

Muuguzi aliporudi ndani, wakarudi dirishani. Alivuta bomba. Akaliinua kwenye mwanga, akalizungusha, ili watu wa nje nao waone.

Halikuwa na kitu.

Binti aliinama juu ya sanduku la kioo, mabega yakatikisika. Safari hii muuguzi, kabla ya kumimina, alichovya pamba kwenye kikombe cha chuma na kumpa. Binti akapitisha mkono kwenye tundu, akamgusa mwanawe midomo kwa pamba ile, upande mmoja, kisha wa pili.

Mtoto alitulia. Kisha ulimi ukatokea, mdogo, mwekundu, ukapita juu ya mdomo, ukarudi ndani. Ukatokea tena. Akageuza uso kuelekea kwenye mkono uliokuwa unaondoka, kinywa kikiwa wazi.

"Anafanya nini?" aliuliza Barafu.

"Anatafuta," alisema mkewe. "Anataka mengine."